Upande wa Pili wa Rupia ya Bi Nyamvula

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu sarafu. Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaonijia siku hizi na mikebe yao, wakitaka kujua wazihifadhi vipi sarafu zao, hunitazama kama mtu aliyezaliwa akijua. Sikuzaliwa nikijua. Nilizaliwa Msambweni, na nilichokijua nilipoajiriwa ni kusugua masinia.

Mwajiri wangu wa kwanza tulimwita Bwana Mkemia. Alikuwa amefanya kazi ya kupima utamu wa maji ya miwa katika kiwanda cha sukari kule Ramisi, na kiwanda kilipofungwa akahamia Diani katika nyumba ndogo ya mawe. Alipenda sarafu kuliko chakula. Alikuwa na rupia, hela za Wajerumani, na zile senti kumi za zamani zenye tundu katikati. Watu waliposikia wakamletea za wazee wao, wengine kwa kumpa, wengine kwa kumwekesha tu. Chumba kizima kikajaa, akatafuta mtunza stoo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mwandiko mzuri.

Asubuhi ile alinipa daftari la sarafu nilisome, akaenda Ukunda kununua karatasi. Nikalisoma, likaisha, naye hajarudi. Mezani palikuwa na rupia moja ya fedha, imetiwa kitanzi cha kuvalia shingoni, nyeusi pande zote mbili. Kwetu sisi, sinia jeusi ni aibu ya binti wa nyumba. Kabla ya harusi au Maulidi tulikaa uani na ndimu na majivu ya vifuu, tukasugua mpaka tukajiona nyuso. Nikaona bwana huyu hana binti wa kumsugulia. Nikaingia jikoni kwake nikapata ndimu, nikapata na majivu. Nilikuwa nimemaliza upande wa maandishi, naigeuza nianze upande wenye sura ya mfalme, aliporudi.

Hakupiga kelele. "Iweke chini, binti," alisema. "Polepole. Usije ukaiangusha sasa kwa hofu."

Nikaiweka.

"Ulidhani ni uchafu?"

"Ndiyo, bwana."

"Hilo ni koti lake. Fedha ikikaa na watu, na jasho lao na moshi wao, huvaa koti kidogo kidogo, na koti hilo ndilo linaloilinda. Hili lilichukua umri wa mtu kuvaliwa. Wewe umelivua kwa ndimu moja."

Nikamwambia nitailipa. Akatikisa kichwa. "Hii ni amana, Mejumaa. Ni ya Bi Nyamvula wa Bongwe. Mamake aliivaa mpaka siku ya kufa. Kaka zake wanataka kuipeleka kwa sonara iyeyushwe iwe bangili, ndiyo akaikimbizia hapa. Akija kuitazama, utamwambia wewe."

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake alivuta kiti akaanza kunifundisha, na kila nilichokijua baadaye kilianzia kwenye somo lile. Sarafu hushikwa kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, wala uso wake hauguswi, kwa sababu jasho la binadamu lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole huweza kujichora kwenye madini baada ya miezi. Hushikwa juu ya taulo lililokunjwa, ili ikiponyoka ianguke pema. Haifutwi kwa kitambaa kikavu, maana vumbi la Diani ni mchanga, na mchanga hukwaruza. Nyinyi mnaoanza, mkikumbuka hayo matatu tu, mmeshawapita wengi.

Bi Nyamvula alikuja baada ya Idi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya juu, nywele zake zimepakwa mafuta ya nazi, na alikuwa ametembea kutoka Bongwe na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye askari wa rupia yangu?"

Nikaileta kwenye sahani yenye kitambaa. Njiani kutoka kabatini, hatua kama sita hivi, nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilipofika nikailaza upande mweusi juu. Bi Nyamvula akaiinamia, akaitazama muda mrefu, akasema, "Giza lile lile," akatoa machungwa, akaenda zake. Bwana Mkemia alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi sitamwambia," alisema mgeni alipokwisha kuondoka. "Neno ni lako. Nawe utalibeba mpaka ulitue."

Hakuligusia tena maishani mwake. Ningekuwa na raha zaidi kama angeligusia.

Basi kila mwaka baada ya Idi Bi Nyamvula alikuja, nami kila mwaka niliilaza mfalme juu. Na kila mwaka, kabla hajafika, niliigeuza peke yangu kuona kama ule upande wa maandishi umeanza kurudi rangi. Fedha hujirudia, lakini haina haraka na mtu. Baada ya miaka kadhaa ulipata unjano mwepesi, kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Upande wa mfalme ulikuwa mweusi kama chungu. Sijapata kutamani kitu kama nilivyotamani weusi ule.

Kazi nyingine iliendelea. Adui yetu mkubwa Diani alikuwa hewa. Upepo wa bahari una chumvi na maji, na vyote viwili hula shaba. Mimi nilileta wazo la mchele, kwa vile nyumbani tunautia kwenye kikopo cha chumvi isigande. Bwana Mkemia akasema tujaribu. Tukaukaanga, tukautia vifukoni ndani ya makabati. Mwezi wa pili tulifungua tukakuta fukusi wanatembea juu ya hela za Wajerumani. Alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye tulitumia zile punje za kunyonya unyevu zinazokuja vifukoni ndani ya maboksi ya viatu. Nilizunguka maduka ya viatu ya Ukunda nikiziomba, wenye maduka wakaniita Mama Vifuko.

Makabati nayo yalitufunza. Alimtengenezesha fundi kabati zuri la mbao mbichi, lina harufu tamu, kumbe harufu ile ndiyo mvuke unaokula madini. Tukahamia masanduku ya bati. Albamu za plastiki laini, zile zenye harufu ya pazia jipya la bafuni, ziliziacha sarafu zikinata na kugeuka kijani. Ukitaka plastiki, chagua ngumu isiyonuka. Ukikosa, karatasi safi isiyo na tindikali inatosha. Mpira wa kufungia vitu usiusogeze karibu na fedha kabisa. Na shaba ikiota unga wa kijani unaokwanguka, itenge na wenzake upesi, kwani hayo ni maradhi, na yakipata unyevu huenea.

Bwana Mkemia alipofariki, jamaa zake walikabidhi sarafu kwa kamati ya wilaya ya mambo ya kale, nasi tukahamishiwa Msambweni, chumba kimoja nyuma ya afisi yake. Nilikuwa peke yangu zaidi ya mwaka. Hapo ndipo alipopita muuza sarafu mmoja, mtu wa kutembea, anatoka Mackinnon Road anaelekea mpakani. Nilimwonyesha rupia ya Bi Nyamvula bila kumwambia habari yake.

"Upande huu umesuguliwa," alisema mara moja. "Chemsha yai, dada. Likate, litie ndani ya chupa pamoja na rupia, lisiiguse, ufunike. Kesho mtu hajui."

Alisema kweli. Mvuke wa kiini cha yai huivisha fedha rangi kwa siku moja. Niliijaribu kwa kipande cha mkufu wangu uliokatika, kikatoka na rangi ya kahawia nzuri kabisa. Siku ya tatu nilichemsha yai jingine. Chupa ilikuwa wazi mbele yangu na rupia i kando yake, na Idi ilikuwa imebaki wiki moja. Niliketi nikaitazama. Nilikuwa nimemficha yule mama upande mmoja. Sasa ningemwonyesha pande zote mbili, na mmoja ungekuwa wa yai. Nikatia yai chumvi, nikalila.

Kisha akaja Bi Mratibu, bosi wangu wa pili, mtu wa bara, mwenye bidii ya moto. Yeye ndiye aliyetufanyia kadi: kila sarafu na kadi yake, imetoka kwa nani, uzito wake, picha ya pande zote mbili, na hali yake. Kwenye kadi ya rupia ile, mahali pa hali, niliandika kwa mkono wangu: "Upande wa maandishi umesuguliwa na mtunzaji." Bi Mratibu akasoma, akaniuliza mtunzaji gani. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Sawa, ni rekodi nzuri," akageukia nyingine. Niliona ajabu. Karatasi niliiambia kwa dakika moja.

Yeye pia ndiye aliyeleta glavu za pamba na sheria kwamba hakuna mkono mtupu kugusa, hata wa mwenye mali. Mwaka ule Bi Nyamvula aliomba kuishika rupia yake. Nikampa glavu. Akazitazama.

"Nivae soksi za mikono nishike kitu cha mamangu?"

"Ndiyo sheria, bi."

"Basi niiangalie tu. Soksi mtavaa nyinyi mnaoona baridi."

Posti yangu ya mwisho ilikuwa Kwale mjini, huko juu. Chumvi ni kidogo, ila asubuhi ukungu huingia mpaka ndani ya droo, na kipima unyevu chetu kilikuwa hakitulii. Kwa Bi Nyamvula safari ilikuwa ndefu, lakini alikuja. Kwanza na fimbo, halafu na mjukuu wa kumshika mkono. Upande wa maandishi ulikuwa umefikia rangi ya asali. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu kwamba utalingana na wa mfalme siku moja, nimgeuzie bila neno, yaishe. Ikafika Idi ya mwaka wangu wa kustaafu, na asali ilikuwa asali bado.

Alikaa. Nikaleta sahani, nikailaza maandishi juu.

Macho yake hayakuwa mazuri tena. Akaisogeza sahani dirishani. "Hii siyo," alisema.

"Ndiyo yenyewe, bi. Hujaonyeshwa upande huu. Niliusugua mimi, siku yangu ya kwanza kazini, kabla hujaniona. Nilidhani ni uchafu. Kila mwaka nimekugeuzia ule mwingine."

Aliiinamia sahani mpaka mjukuu wake akamwita, "Bibi?"

"Uliisugua na nini?" akauliza.

"Ndimu na majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya vifuu, bi."

"Ndiyo maana weusi ukatoka wote. Miaka yote hiyo naona mfalme tu, nikadhani ni sheria yenu. Nikasema labda maandishi ni ya serikali." Mjukuu alicheka, yeye hakucheka. "Amana ni nzito, Mejumaa. Ungeniambia ile siku ya machungwa, ningekutukana, nikaenda zangu, mwaka wa pili tungekuwa tumesahau."

"Najua, bi. Nisamehe."

Alivua mtandio wake kidogo, akapitisha kidole gumba nyuma ya sikio, palipokuwa na mafuta ya nazi. "Mama alikuwa akimaliza kutupaka mafuta sisi watoto, kidole alikifutia juu ya rupia hii," alisema. "Kila siku. Weusi ule ulikuwa ni sisi." Akaichukua rupia kwa mkono mtupu, akabonyeza kidole juu ya maandishi, akakituliza hapo kama mtu anayepiga muhuri.

Glavu zilikuwa mezani. Kazi yangu yote ilikuwa kuuzuia mkono kama ule. Sikuuzuia.

"Haitoshi," alisema akiirudisha. "Lakini imeanza. Iache huku huku, nyumbani sonara bado yupo."

Nilistaafu mwezi uliofuata. Sasa nakaa Msambweni, na vijana wakija tunakaa barazani nawaonyesha namna ya kushika kwa ukingo. Nawaambia mkusanyo ukikua msinunue sanduku kubwa kwanza, nunueni daftari. Andikeni sarafu ilitoka kwa nani na alikuwa akiifanyia nini. Madini yatajitunza nusu mkiyaacha mahali pakavu. Habari haijitunzi hata kidogo. Nami nakikosa chumba kile. Nakosa sauti ya droo za bati asubuhi, na majira ya Idi nikiona mwanamke mrefu barabarani husimama kabla sijakumbuka. Bi Nyamvula amefariki. Nilikwenda Bongwe kuzika, nikakaa jikoni na wanawake, nikasugua masinia.

Wiki iliyopita alinipigia simu Mutheu, binti wa kule kwenye mashamba ya Shimba Hills, aliyeshika nafasi yangu. Ni mtu makini.

"Mama, shikamoo. Nakagua zile za fedha. Ile rupia yenye kitanzi imeingia alama ya kidole, tena kubwa, upande wa maandishi. Sijui nani ameishika bila glavu."

"Ina rangi gani?"

"Kahawia nzito. Mistari yote ya kidole inaonekana, unaweza hata kuihesabu. Nimetayarisha asetoni, ile dawa ya kuyeyushia mafuta, nione kama itapungua."

"Funika hiyo chupa, mwanangu. Chukua kadi yake na kalamu."

Nikasikia droo ikivutwa. "Niko tayari, Mama."

"Andika: mafuta ya nazi, kidole cha mwenyewe. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Sasa irudishe mahali pake, uilaze upande huo juu."