Kantri ya Upande wa Wanawake

Mimi ni mwimbaji wa kantri, ule muziki wa Kimarekani wa gitaa. Najua inachekesha. Msichana wa Kiomani, shela kichwani, muuza udi na bukhuri sokoni Sib, halafu naimba nyimbo za pikapu na barabara ndefu, tena kwa Kiswahili. Lakini ndivyo nilivyo. Nyimbo nimezitunga mwenyewe, na kuna wakati ilikuwa haipiti arusi ya jamaa zetu waliotoka Afrika, wawe wa Unguja au wa bara, Sib mpaka Bawshar, bila mimi kualikwa.

Mapenzi haya yametoka kwa baba. Yeye kazaliwa Tabora, na anasema huko redio ikipiga kantri watu walikuwa wakinyamaza kama wamefiwa. Alipohamia Oman alihama na nyimbo zake, na ndani ya gari lake sijapata kusikia kitu kingine. Siku niliponunua gitaa, la mkono wa pili, alifurahi kuliko mimi. Ila alitaka ahadi moja: niimbe mbele ya wanawake tu, na sauti yangu isiingie kwenye simu ya mtu yeyote, hata yangu. Kuna binti wa ukoo wetu alirikodiwa akiimba kwenye shughuli, ikazunguka simu hadi simu mpaka ikamfikia mchumba wake akiwa kazini. Arusi ikafa. Basi nikampa baba mkono, nikaahidi.

Sikuona tabu yoyote. Arusi zetu, upande wa wanawake, simu zinaachwa mlangoni. Unaitia kwenye kimfuko, unamkabidhi mwanamke wa mlangoni, unapewa namba, unaingia na pochi yako nyepesi. Ndani humo tukicheza, tukilia, yanabaki humo humo.

Mara ya kwanza walinicheka. Bibi mmoja aliuliza, tena kwa sauti, kama huyu mtoto kafiwa na mbuzi wake. Nikaendelea tu. Nilipofika pale pa kupanda, pale sauti inapokwenda juu, *pikapu yako imepita, vumbi limebaki kwangu*, kina mama waliokuwa wamejifunga vibwebwe kungoja ngoma wakaketi mmoja mmoja. Nilipomaliza, yule bibi akaniita kwa kidole.

"Mwanangu, mie nimeachwa hivyo hivyo. Nani alokwambia?"

Toka siku ile nikawa "yule wa gitaa". Baba ndiye aliyekuwa akinipeleka. Alikuwa akinisubiri nje, garini, na nikitoka ananiuliza wimbo gani umewaliza. Namsimulia. Mwenyewe hajawahi kunisikia nikiimba wimbo mzima, maana nyumbani nilikuwa nikifanya mazoezi yeye akiwa kazini. Utamwimbiaje baba yako nyimbo za mapenzi?

Halafu kikatokea kivimbe shingoni. Nikakifunika na shela, nikajidanganya. Mama ndiye aliyenishika mkono mpaka hospitali. Daktari, mwanamke mpole, alieleza kuwa lazima kitolewe, na kwamba kimeegemea mshipa wa sauti. Nikamwuliza kuhusu kuimba.

"Kuzungumza utazungumza, inshallah," akasema. "Kuimba siwezi kukuahidi."

Tukiwa njiani kurudi ndipo nilipofahamu, nikahisi gari zima limenielemea. Sauti yangu haipo popote. Kila mtu aliyenisikia aliacha simu yake mlangoni. Nyimbo zangu zote zimo ndani ya shingo hii hii inayokwenda kukatwa.

Nyumbani nikajifungia chumbani, nikabonyeza kile kitufe chekundu cha kurikodia. Wallahi nilitaka. Lakini kila nikifungua mdomo nauona mkono wa baba ndani ya wangu. Nilipoisikiliza, nilikuwa nimerikodi pumzi zangu na mama akisogeza masufuria. Nikaifuta.

Basi nikamfuata baba uani, alikuwa anaumwagilia maji mndimu wake. Nikamwomba anifungulie ahadi, mara moja tu, kabla ya operesheni. Akasema simu zinapotea, simu zinapelekwa kwa mafundi, na sauti ya mtoto wa kike ikishatoka hairudi.

"Na hii isipotoka sasa, baba, ndiyo hairudi kabisa."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Alifunga bomba, akaingia ndani. Mama akanambia nimwache, baba ana hofu, na hofu yake haina dawa dukani. Nililia mpaka nikaona haya, maana mimi nyumba nzima ndiye mchekeshaji.

Ijumaa, baada ya sala, baba akaniambia nichukue gitaa niingie garini. Tukaenda Rusayl, kwenye kiwanda cha vigae anakotunza ghala. Siku hiyo hapakuwa na mtu. Akakaa juu ya maboksi, akavua kofia.

"Ahadi sikufungulii," akasema. "Nifundishe mimi. Mimi nikizunguka kwenye simu za watu, watacheka tu."

Mungu wangu, baba hana sauti. Akiimba utadhani mtu anaburura kabati. Nami shingo inaniuma, na zimebaki siku mbili. Nikamwanzia wimbo wa pikapu, nikiangalia vigae nisimtazame usoni, mstari kwa mstari.

"Panda hapo, baba."

"Si nimepanda?"

"Hujapanda."

"Ngoja nivute pumzi, mwalimu."

Tulicheka, kisha mimi nikawa silii wala sicheki, sijui nilikuwa nafanya nini. Mpaka magharibi alikuwa na wimbo mmoja, na hata huo alikuwa nao nusu. Zile nyingine hatukuzigusa.

Operesheni ilikwenda salama, na kivimbe hakikuwa kibaya. Lakini sauti iliyobaki ni kama upepo chini ya mlango. Daktari anasema nivute subira, hasemi mpaka lini. Mialiko ikija mama anaijibu yeye, anasema mtoto hawezi. Nyimbo nilizokuwa sijamfundisha baba nazipitia kichwani kila nikilala, na kila siku wimbo mmoja unanilegalegea.

Baba hajaacha. Jana karudi kutoka kazini, kaniwekea simu yake mbele yangu mezani. Kajirikodi garini, taa ya kukatia kona inasikika ikilia tik-tik. *Pikapu yako imepita.* Akasimama pale na funguo mkononi, ananitazama mdomo.

"Ndiyo yenyewe?"

Mama, kutoka mlango wa jikoni, akanikonyeza niseme ndiyo. Mimi sijui kumvunja mtu moyo. Hata mteja akiniambia bukhuri yangu haina harufu, namkubalia tu. Lakini pale pa kupanda hakupanda, na nikikubali, basi huo ndio utakuwa wimbo.

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Haya," akasema. Akaifuta. Akavuta kiti, akakohoa, akaanza upya, na alipokaribia pale nikainua mkono wangu juu kadiri unavyofika, nikaushikilia huko.