Karatasi Zisizo na Namba

Jumatatu nilikuwa steshenari hapa Tukuyu, nikitaka kutoa kopi ya barua. Mbele yangu alisimama mama mmoja kutoka Lupepo. Binti yake anasomea falsafa ya kale ya Wahindi chuo kikuu, na likizo hii alitafsiri kutoka Kisanskriti kwenda Kiswahili mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi kuhusu nafsi. Ameyaandika kwa mkono. Mama kayaleta yachapwe, yafike chuoni siku hiyo hiyo.

Dada wa steshenari alipoyapokea, karatasi zikamponyoka, zikatapakaa sakafuni. Namba hazina.

"Mama, mpigie binti atuelekeze."

"Yuko safarini, hapatikani. Nisomee wewe, mimi sijui kusoma."

Dada akaguna, akasoma mstari wa juu wa karatasi moja. Mama akafumba macho.

"Hiyo ngoja. Kwanza mwanafunzi anauliza, mtu akilala nafsi yake iko wapi. Itafute."

Ikapatikana. Mama akazipanga hivyo zote, akionyesha kwa kidole, na dada aliposoma mfululizo, kila swali lilikuta jibu lake.

"Kumbe na wewe umesoma haya, mama!"

"Nisome wapi, mwanangu? Binti alikuwa anasoma kwa sauti, mimi namenya ndizi."

Wajuzi wanasema mafundisho hayo yalikaa vichwani mwa watu karne nyingi kabla ya kuandikwa. Mimi mwenye vyeti, namba ya simu ya mke wangu siikumbuki.

Mama alipoaga nilimfungulia mlango, kama anavyofunguliwa profesa.