Magoti ya Ndama wa Mutware

Mutware, mwenyeji wa Masha niliyemchungia ng'ombe, alisema mbele ya watu, kisimani Juru, kwamba niliwavunja ndama wake magoti kwa fimbo. Ni uongo. Kisha akamchukua ndama wangu. Sikusoma, lakini ng'ombe nawajua tangu milima ya Uvira.

Sisi wakimbizi wa kambi ya Nakivale, Uganda, tulichunga ng'ombe wa wenyeji kwa mapatano: unachunga, unakamua, na ndama jike wa tatu anayezaliwa mikononi mwako ni wako. Wangu alizaliwa mwaka 2009. Nilimwita Bihogo kwa wekundu wake. Tangu nikimbie Kongo sikuwa nimemiliki kitu chenye pumzi.

Mwezi huohuo Mutware alileta ng'ombe aliyemnunua Kikagate. Kiwele chake kilikuwa kigumu upande mmoja, na maziwa yalitoka na vipande kama uji ulioharibika. Mnunuzi wa maziwa akayakataa.

"Mzee," nikamwambia Mutware, "maziwa ya huyu haiko muzuri. Nitupe fasi gani?"

"Kutupa? Wewe mama, maziwa hapana mwaga chini. Unataka ng'ombe yangu yote ikauke? Pea ndama."

Hata kwetu maziwa hayamwagwi chini, ndivyo tulivyolelewa. Niliogopa mwiko, na yeye nilimwogopa pia. Nikawapa ndama wote watatu, wawili wake na Bihogo wangu, kwa ndoo moja.

Haikuchukua muda, ndama mmoja akaanza kukohoa. Sikio lake likalegea, likaning'inia. Wa pili akashindwa kusimama: goti la mbele limevimba, la moto kama figa. Kila asubuhi nilisimama nje ya zizi nisikilize kabla ya kufungua. Kikohozi kiliniogopesha, na ukimya uliniogopesha zaidi. Wote wawili walikufa juma moja.

Mutware alikuja, akaligusa goti la mzoga. "Goti inavimba hivi bila fimbo?" Hakungoja jibu. Akaenda moja kwa moja kisimani.

Tangu siku hiyo, nikitokea na dumu langu, wanawake walivuta vitenge vyao chini. "Ficheni magoti, Mama Sonia amefika!" Goretti, jirani niliyesali naye, ndiye aliyecheka kuliko wote. Na mimi nilicheka nao, nikachota upesi nikaondoka. Nilijua mtu akishachukiwa huchomewa nyumba, na nyumba ya nyasi huwaka upesi; mimi na mwanangu Sonia tulilala ndani ya hiyo.

Halafu Bihogo akakohoa.

Nilikwenda Mbarara kumtafuta Madinah, daktari wa mifugo anayekaa Kakiika. Akaja kwa pikipiki, nami nikamweleza yote, hata habari ya fimbo. Alimsikiliza Bihogo kifua, akabonyeza kiungo cha mguu kilichoanza kuvimba.

"Nyabo," akaniita kwa heshima ya huku, "hawa walikuwa wanakunywa maziwa ya ng'ombe gani?"

Nikamwonyesha yule wa Kikagate. Alikamua kidogo kiganjani, akatazama vipande.

"Hapa hakuna fimbo. Vijidudu vinatoka kwenye kiwele, ndama anavinywa, vinaingia mapafuni, vinakwenda mpaka kwenye viungo. Wakikoholeana wanaambukizana. Hii maziwa chimba shimo, mwaga, fukia."

"Nimwage chini?"

"Mwaga, nyabo. Ama unataka na huyu azikwe?"

Akamdunga sindano, akaniambia ugonjwa huu ni mkaidi, dawa nyingi haziuwezi. Bihogo atengwe, anywe maziwa ya ng'ombe mzima, kwa ndoo yake mwenyewe. Jioni hiyo nilichimba nyuma ya nyumba, nikamwaga huku nimefumba macho, nikingoja jambo baya linishukie.

Halikushuka. Siku ya tisa, baada ya sindano nyingine kadhaa, Bihogo alisimama mwenyewe. Mguu mmoja ulibaki mgumu.

Mutware aliyasikia yote kutoka kinywani mwa Madinah, mlangoni pangu. Kesho yake alikuja na kamba.

"Hii ya kulipa zile mbili."

Nikaishika kamba. "Mzee, daktari alikuambia. Wewe ndiye ulisema niwape ndama yale maziwa."

"Achia. Ama niite wale wa kisimani?"

Nikaachia. Aibu ya mkono ule ninayo hadi leo.

Nasikia Bihogo amezaa huko Masha, anachechemea na ndama wake nyuma. Mutware hajanirudishia. Ana deni la Bihogo, na la maneno aje ayaseme kisimani Juru, mchana, mbele ya walewale, Goretti akiwepo: kwamba yale maziwa ni yeye aliyesema wapewe ndama.