Mnong'ono wa Mama wa Posho Mill

Mama wa posho mill, pale Rongai, ana nyusi nyeupe kwa unga tangu afungue asubuhi hadi afunge, na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Akikuuliza habari ya nyumbani, jirani wa tatu anaitika. Mahindi ya mteja yakiisha kusagika, hupiga kwa viganja vyote viwili ule mfuko wa kitambaa unaoteremsha unga, kama anayempiga mgongoni mtoto aliyepaliwa, mpaka vumbi la mwisho lishuke. "Hii ni yako," husema, "si ya mwenye anafuata."

Mwaka huu mashine mpya ya stima ilifunguliwa ng'ambo ya barabara, ya haraka, isiyo na foleni, na wateja wakavuka mmoja mmoja. Jumapili mchungaji aliposema kila mtu aombe kimoyomoyo, Mama alinong'ona kadiri anavyojua kunong'ona: "Baba, warudishe, nisifunge! Hata Chepkemei, na vile nilimbebea debe akiwa mjamzito!" Kwenye benchi la nyuma, Chepkemei aliinama kuliko waombaji wote.

Asubuhi iliyofuata akafika na mahindi yake, na nusu ya kanisa ikapanga foleni nyuma yake. Mama alisaga, akapiga mfuko, akapiga tena.

"Imetosha, mathe!"

"Ngoja, yako bado iko ndani." Akafuta nyusi, uso umejaa furaha. "Na unajua jana nilikuombea? Kimoyomoyo tu, sijaambia mtu."

Chepkemei na foleni yote nyuma yake wakaangalia madebe yao.