Kamba wa Ukwaju wa Bibi

Usiku ule nililala nimenuna, nguo bado zinanuka mafuta ya kukaangia. Mama alikuwa ametoka hospitalini na chakula hataki. Uji anausukuma, mtori anaugeuzia uso. Anachotaja ni kimoja tu: kamba wa kukaanga wa marehemu mama yake, wale wa mchuzi mtamu wenye uchachu, wa ukwaju na sukari. Nami kila siku napika, kila siku anaonja kidogo na kurudisha sahani, eti sio hawa. Nilikuwa nimechoka, na zaidi ya uchovu niliogopa, maana mikono yake ilikuwa inazidi kukonda.

Basi usingizini nikajikuta jikoni kwangu, na Bibi amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kanga yake imelowa kiunoni. Nikamwamkia, akaitikia, akachungulia kikaango changu. Nikamwomba vipimo bila kuzunguka: ukwaju kiasi gani, sukari kiasi gani. Akasema weka kiasi. Kiasi gani? Kiasi chake. Hata kufa hakukumbadilisha. Kamba wanaungua, na yeye ananiuliza habari za majirani.

Jiko likawa ukumbi wa nyumba yake ya zamani kule Tanga, lakini kikaango ni kilekile mkononi mwangu. Namfuata huku na huku, nusura nilie kwa hasira. Namwambia binti yake anakwisha kwa njaa, na yeye bado ananificha siri ya mchuzi.

Ndipo anasimama.

"Mke mwenzangu, siri niitoe wapi? Mimi mchuzi wa kamba siuonji. Kamba wakinigusa ulimi tu, midomo inavimba."

Miaka yote ile tunamsifu mkono wake, na mwenyewe hajui alichopika! Nataka kumgombeza, lakini ananiwahi.

"Nilikuwa namdondoshea mama yako mchuzi kiganjani, tangu akiwa mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia bado, au tayari. Wewe umemlaza chumbani, unampelekea sahani."

Nikaamka kumepambazuka, bado namlalamikia marehemu kwa sauti. Sikunawa hata uso. Nikamtoa Mama kitandani, nikamkalisha karibu na jiko, nikachemsha ukwaju na sukari, nikamdondoshea kiganjani.

Akalamba, akakunja uso.

"Ukwaju bado," akasema, na kiganja akakiacha wazi, anangoja.