Miwani ya Waya ya Wavunja Mawe

Jicho la kushoto la kaka yangu lilipasuka asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza limepanda juu ya Matogoro. Nilikuwa hatua sita kutoka alipoketi, nanoa tindo. Sikusikia ukelele. Nilisikia nyundo moja ikikosekana katikati ya nyundo nyingi, nikainua kichwa. Alikuwa ameketi vilevile, na kitu kama ute wa yai kikimtiririka shavuni pamoja na damu. Aliweka tindo chini taratibu, akajishika uso.

Mnyapara alikuja, akamwondoa mkono usoni kwa ncha ya kiboko, akachungulia.

"Limebaki moja," alisema. "Moja linatosha kuona jiwe. Na hilo likienda, usije kwenye mstari wa uji."

Kila aliyekuwa pale alielewa. Vita vya maji vilikuwa vimekwisha, maghala yamechomwa, mbegu zimechomwa pamoja nayo. Nje ya boma watu walichemsha ngozi za ngao za baba zao wakazila. Mfungwa asiyeweza kazi hakupigwa risasi. Alifunguliwa mnyororo shingoni akaambiwa aende zake, na baada ya siku tatu au nne tulimwona kando ya njia, au tuliona kile ambacho fisi walikibakiza. Kwa hiyo jicho la kulia la kaka yangu halikuwa jicho tu. Lilikuwa bakuli lake la uji.

Sisi tulikuwa wana wa mfua chuma. Sote wawili tulikunywa yale maji ya dawa ya waganga na sote wawili tulikimbia kuelekea bunduki tukiyaamini. Binamu yetu alikuwa mbele yangu, akipiga kelele kwamba risasi zitageuka maji. Risasi ilimwingia mdomoni, ikatokea nyuma ya shingo, na meno yake mawili yakanipiga kifuani. Baadaye wakubwa wetu walinyongwa, na sisi tuliobaki tukapelekwa kuvunja mawe ya kujengea nyumba za boma. Mimi nilitolewa kwenye mstari kwa sababu ya ufundi wangu. Nilipewa tanuri dogo na kiriba cha kuvuvia moto, na amri ya kunoa tindo na kurekebisha nyundo. Kufua kitu kingine chochote kulikuwa kosa. Nilimwona mwenzangu wa kazi akinyongwa kwa ajili ya kichwa cha mkuki mmoja kilichokutwa majivuni mwake.

Siku ile jicho la kaka lilipopasuka nilianza kuuliza. Pale mawe yalipovunjwa walikuwapo watu saba wenye jicho bovu au lililokwisha. Niliwaendea mmoja mmoja walipokuja kunoa tindo, nikauliza maswali yaleyale: ulikuwa umeketi wapi, nani alikuwa kando yako, kipande kilitoka wapi. Nilitegemea kusikia kwamba kila mmoja aliumizwa na jiwe lake mwenyewe. Watano kati ya saba walisema hapana. Mtu anayepiga jiwe hufumba macho kidogo nyundo inapotua. Asichokitazamia ni nyundo ya jirani, na kipande cha jirani huja kutoka ubavuni, jicho likiwa wazi. Kaka yangu sasa alikuwa kipofu upande wa kushoto na alibaki na jicho la kulia, na upande wa kulia aliketi kijana mmoja mwenye nguvu aliyepiga jiwe kama anamuua mtu. Nilimsihi mnyapara awabadilishe nafasi. Alinichapa kiboko cha mdomo.

Nilikuwa nimewahi kuona miwani moja tu maishani, usoni kwa padri. Lakini kioo kingepasuka na kumwongezea mtu vipande. Nikakata kibuyu, nikachonga vifuniko viwili vya macho vyenye upenyo mwembamba mbele, nikavifunga kwa kamba ya gome. Kaka alivivaa, akapiga mara mbili, ya tatu akajigonga mkono. Jasho lilikuwa limejaa ndani na haoni kitu.

Wafungwa walicheka. Sikuwa nimesikia kicheko pale kwa miezi.

"Mganga mpya huyo!" alisema mzee mmoja wa kutoka upande wa Nalasi, aliyefungwa mnyororo mmoja na kaka. "Wale wa kwanza walitupa maji. Wewe umetuletea kibuyu kitupu, hata maji hayamo!"

"Babu, si dawa," nilisema.

"Ndivyo walivyosema waliokufa. Shika kibuyu chako, mwanangu, utachotea."

Kaka hakucheka. Alinirudishia vile vibuyu akasema kwa sauti ya chini, "Kinachotakiwa kipitishe hewa na kizuie jiwe. Kama chekeche."

Waya niliujua ulipo. Mke wangu alikuwa akileta kuni bomani, na miguuni alikuwa na vikuku vya waya mwembamba wa shaba, uliozungushwa juu ya manyoya ya mkia wa ng'ombe. Vilikuwa vitu vyake vya mwisho ambavyo mtu angekubali kuvibadilisha na mtama.

"Vyote?" aliuliza nilipomweleza.

"Vyote."

"Watoto watakula macho ya shemeji yangu?"

Aliketi chini palepale karibu na tanuri, akavivua kimoja baada ya kingine, akavitupa mavumbini mbele yangu. Kisha akasema, "Alinibeba mgongoni kuvuka mto siku ya kukimbia. Fanya upesi kabla sijabadili mawazo."

Niliufungua waya kutoka kwenye manyoya, nikausafisha motoni, nikausuka kama chekeche, matundu yakiwa madogo kuliko punje ya ulezi. Nikaupinda kama nusu ya yai ili ufunike na ubavu wa jicho, kwa sababu ya yale niliyoambiwa na wale watano. Ukingoni nikashona ngozi isimkate, nyuma nikatia kamba ya ngozi nyekundu. Upande wa kushoto, kwenye tundu lisilo na kitu, niliweka ngozi tupu.

Alivaa, akapiga jiwe kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mara nne nilisikia kipande kikigonga shaba, ting. Mara ya nne kilitoka kwa yule kijana wa kulia, kikubwa kama jino. Kaka aligeuza uso akanitazama kwa jicho moja, akaendelea.

Baada ya hapo hawakucheka tena. Yule mzee wa Nalasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja. "Mwanangu," alisema, "kile kibuyu nilikitania tu. Hiki cha waya, hakina maneno ya kusema juu yake? Hakina mwiko?"

"Hakina, babu. Hata ukila nguruwe kitazuia jiwe."

"Astaghafirullah! Basi nitengenezee, lakini usinitajie hayo."

Waya uliobaki ulitosha watu watano. Na hapa ndipo nilipokosea, kwa sababu mimi ni mtu wa kupenda kazi ifanane. Miwani yote sita niliifanya kwa kipimo kimoja, kwa ukingo mmoja, kwa kamba ileile nyekundu. Niliiona nzuri. Sikufikiri kwamba katika vita vile watu waliokunywa maji walikuwa wakijulikana kwa kuvaa kitu cha aina moja, na kwamba askari walioponea chupuchupu hawakusahau.

Askari aliyetuona hakuwa wa zamu yetu. Alitoka safarini, mtu wa mbali, mwenye kovu la mkuki toka sikioni hadi kidevuni. Alifika kwenye mawe akakuta wafungwa sita mstarini, nyuso zao zina macho ya shaba yanayong'aa juani, na kamba nyekundu kichwani. Alirudi nyuma hatua mbili. Kisha akapiga bunduki.

Yule kijana mwenye nguvu, ambaye hata miwani hakuwa nayo, alianguka na tumbo wazi. Alivuta mnyororo, na wenzake wawili wakaanguka naye. Askari wengine walikuja mbio. Walitupiga kwa vitako vya bunduki, wenye miwani na wasio nayo. Mzee wa Nalasi alipigwa mpaka sikio likaning'inia. Yule kijana alichukua muda mrefu kufa, na hakuna aliyeruhusiwa kumsogelea.

"Dawa gani hii?" aliuliza yule askari. "Mganga nani?"

Mganga lilikuwa neno la kumpeleka mtu kwenye kamba ya kunyongea. Nilisimama kando ya tanuri langu. Kaka aliniona. Akafungua mdomo, nikajua anataka kusema ni yeye, ndipo nikatoka.

"Nimetengeneza mimi, afande. Si dawa. Ni kifaa, kama nyundo. Dawa humfaa anayeiamini. Hii vaa wewe usiyeiamini, usimame karibu na jiwe."

Askari walicheka, ila yule mwenye kovu hakucheka. Alimnyang'anya kaka miwani yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akaivaa, akalifunika jicho lake moja kwa ngozi bila kujali. Akachuchumaa upande wa kulia, pale alipoketi marehemu, damu ikiwa bado mbichi.

"Piga," alimwambia kaka.

Hapo ndipo nilipotambua nilichokifanya. Miwani ilikuwa usoni kwa askari, na kaka yangu alitakiwa apige jiwe uso mtupu mpaka kipande kiruke.

Alinyanyua nyundo. Akafumba jicho.

Alilifumba kabisa, si kwa kupepesa. Pigo la kwanza lilipata tindo. La pili lilipata kidole gumba cha kushoto, nikasikia mfupa. Hakufumbua. La tatu lilipata vidole viwili vinavyofuata, tindo ikalegea, akaikaza tena kwa mkono ule ule uliokuwa nyama tupu. La nne, la tano. Jiwe lilikuwa limelowa damu na nyundo iliteleza. Mnyapara alisema, "Fumbua jicho, mpumbavu, utajikata mkono!" Kaka akapiga la sita. Pigo la saba jiwe liliachia kipande, na sote tukasikia: ting, kwenye shaba, mbele ya jicho la yule askari.

Askari alibaki amechuchumaa. Akaivua miwani, akatazama palipobonyea, akapapasa jicho lake kwa kidole.

"Kweli si dawa," alisema. "Dawa yenu ingeniua."

Mjerumani aliyesimamia uvunjaji wa mawe alikuja akaelezwa. Hukumu yake ilikuwa na sehemu tatu, na mkalimani aliitoa kwa utaratibu. Miwani ibaki, kwa kuwa mvunja mawe kipofu ni hasara. Isifanane hata miwili, ili watu wasionekane jeshi. Na mfua chuma apewe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kufua bila ruhusa.

Nilipewa palepale, nimelazwa juu ya mawe. Hadi kumi niliweza kuhesabu. Baadaye nilikuwa nasikia kiboko kama kinampiga mtu wa nyumba ya jirani. Nilipopata fahamu mke wangu alikuwa akinimwagia maji ya chumvi mgongoni, na analia kwa hasira, si kwa huruma.

Asubuhi iliyofuata nilijikokota hadi tanurini, nikakata kamba nyekundu zote. Mmoja nikampa kamba ya gome, mwingine ya katani, mwingine nikapaka ukingo majivu. Mbonyeo kwenye miwani ya kaka niliunyoosha kwa ncha ya msumari, nimelala kwa tumbo, kwa sababu kukaa sikuweza.

Jioni alikuja kutoka kwenye mstari. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa majani, vidole vitatu havikufaa tena, lakini alikuwa amejifunza kubana tindo kati ya kiganja na kidole kidogo. Kwa mkono wa kulia alishika bakuli. Aliketi karibu na kichwa changu, akanisogezea nusu ya uji.

"Umeinyoosha vibaya," alisema, akigusa waya wa kulia. "Naona wanyapara wawili."

"Nitaitazama kesho."

"Itazame sasa. Mmoja ananitosha."

Nikanywa uji kwanza, kisha nikamwambia ainame, nikainyoosha upya nikiwa nimelala vilevile, naye akitazama.