Maji ya Mlangoni kwa Fusako

"Wageni wako wametapika kwenye chungu changu cha maua. Kijani kibichi. Njoo uone mwenyewe."

"Si matapishi, dada Tomie. Ni barafu ya chai ya kijani imeyeyuka."

"Basi ilambe."

Fusako alipangisha vyumba vya juu kwa watalii, mlango unaopakana na duka la Tomie la tofu, ile jibini laini ya maharage ya soya. Kila kiangazi walifurika Kyoto kufuata sherehe na taa za karatasi. Tomie aliona migongo iliyolowa jasho, mende wanene wakitoka mtaroni, na joto linalokulamba mwili mzima kama ulimi wa ng'ombe.

"Wanatafuta raha," Fusako alisema.

"Raha gani? Wanalipa nauli kuja kuchemka kwenye sufuria yetu, halafu povu wanatuachia sisi."

Katika kichochoro chao, kila jioni mtu hunyunyiza maji mbele ya mlango wake kutuliza vumbi na joto, kisha huvuka kidogo upande wa jirani, upana wa mkono tu. Ukivuka sana, umemwita jirani mvivu. Ukikomea mpakani, umemtukana.

Jioni ile Tomie alikomea mpakani. Maji yalinyooka kama yamekatwa kwa kisu. Kesho yake Fusako naye akakomea nyuma zaidi, ukabaki ukanda mkavu katikati, kichochoro kizima kikauona.

Tomie alijifanya hajali, lakini kila alipopita aliutazama ukanda ule. Kiangazi ambacho mumewe alikuwa akifa hospitalini, ni Fusako aliyemwagia maji mlango wake wote, kila jioni, wateja wasione duka limetelekezwa. Hakuwahi kulitaja. Tomie naye hakuwahi kushukuru, na sasa alikuwa akimtukana kwa kata ya maji.

Siku ya tatu mgeni mmoja alikuja mbio dukani, jasho likimdondoka puani hadi kwenye tofu, akionyesha nyumba ya Fusako. Tomie alimkuta mwenzake ameanguka chini ya ngazi, magodoro juu yake, uso umeiva kwa joto. Akamlegeza kola, akamwekea shingoni kipande cha tofu baridi kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Unaniwekea nini?"

"Tofu. Nyamaza."

"Inanuka."

"Unanuka wewe."

Daktari alimwamuru Fusako alale. Jioni Tomie alitoka na ndoo, akamwagia mlango wake, ukanda mkavu, kisha mlango wa Fusako mpaka mwisho. Uvundo wa vumbi la moto ukapanda. Mtalii mmoja akainua simu ampige picha, akitabasamu kama aliyefika peponi. Kata iliyofuata ikamwishia viatuni.

Dirisha la juu likafunguka.

"Umevuka sana, dada. Watasema mimi mvivu."

"Waache waseme. Hayo ni malipo ya kiangazi kile cha hospitali."

Fusako akachungulia chini.

"Pale kwenye ngazi ya mlangoni bado pakavu."

Tomie akatupa kata ya mwisho pale.

"Haya," Fusako akasema. "Hatudaiani."